Soja ya Kivu inahitaji mashamba na miaka, mionzi ni sehemu ndogo ya kazi

Kuweka kilo chache za mbegu za soja mbele ya mionzi ya gama ni kazi isiyomaliza hata siku moja. Kutoka kwenye mbegu hizo hadi kupata aina mpya ambayo mkulima wa Walungu anaweza kuinunua sokoni, kuipanda na kuivuna bila hasara, ni kazi ya miaka saba, nane, wakati mwingine kumi. Kongo imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kufanya ile kazi ya siku moja. Ile ya miaka nane ndiyo inayokosa mwenyewe.

Mazungumzo juu ya nyuklia kwa ajili ya kilimo huishia haraka kwenye mashine. Watu huuliza rekta ya Kinshasa itafufuliwa lini, nani atalipa, na kwa nini nchi iliyotoa uranium ya Shinkolobwe haina hata mashine nzima ya kuonyesha wageni. Ni maswali yenye uzito, lakini mama anayekaanga soja yake huko Kabare ili aisage unga hayamhusu sana. Swali linalomhusu ni hili: je, mbegu atakayopanda Septemba ni ile ile iliyomwangusha mwaka jana?

Katika Kivu Kusini soja ni zao la nyumba na la mtoto. Bwaki, ule utapiamlo unaovimbisha miguu ya mtoto na kubadili rangi ya nywele zake, unajulikana katika wilaya ya Kabare tangu zamani, na huko Lwiro waganga na watafiti wamekuwa wakiuchunguza tangu enzi za ukoloni. Mtoto anayekula bugali ya muhogo na sombe asubuhi na jioni anashiba, lakini mwili wake unakosa protini. Nyama ni ya siku kuu, na sambaza wa ziwa bei yao imepanda hadi familia nyingi zimewaaga. Soja kavu ina protini karibu asilimia 40, wakati maharagi hayafiki hata asilimia 25. Ndiyo sababu vituo vya afya na mashirika ya akina mama yalisisitiza uji wa masoso, yaani mahindi, soja na sorgo zilizosagwa pamoja, na maziwa ya soja yanayouzwa katika chupa za plastiki kwenye masoko ya Bukavu.

Kwa hiyo soja ikianguka shambani, anayeumia kwanza hajafikisha miaka mitano.

Na inaanguka kwa njia nyingi. Udongo wa milima ya Walungu una asidi na umechoka, fosforasi yake ni kidogo. Maganda ya aina nyingine hupasuka yenyewe kabla mkulima hajafika, mbegu zikamwagika chini. Aina nyingine huchelewa sana kukomaa, mvua ikakatika njiani. Kisha kuna kutu ya soja, ugonjwa wa kuvu unaopaka majani madoa ya kahawia na kuyaangusha kabla ganda halijajaa. Kutu hiyo ilikuwa imekwisha kuingia Uganda mwaka 1996, na mwaka 2007 jarida la Plant Disease lilitoa taarifa ya kwanza ya kuonekana kwake Kongo. Wakulima wa Kivu hawahitaji kufundishwa maana ya ugonjwa mmoja kuikuta mimea yote inafanana: waliona mozaiki ikila mihogo, wakaona mnyauko ukila migomba kuanzia Masisi.

Hapo ndipo kazi ya mionzi inapoingia. Kila mmea una maandishi ndani ya chembe zake, ambayo wanasayansi huyaita jeni, na maandishi hayo ndiyo yanayoamuru urefu wake, siku zake za kukomaa, ladha yake na uwezo wake wa kupigana na ugonjwa. Maandishi hayo hubadilika yenyewe, polepole mno, na mababu waliokuwa wakichagua suke zuri la kuhifadhi kama mbegu walikuwa wakitumia mabadiliko hayo bila kujua jina lake. Mwaka 1928 Mmarekani Lewis Stadler alionyesha kwa shayiri kwamba mionzi ya eksirei inaharakisha mabadiliko hayo. Tangu wakati huo dunia imeandikisha zaidi ya aina 3,400 za mimea zilizopatikana kwa njia hiyo, katika daftari linalotunzwa na FAO pamoja na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki la Vienna. Mpunga umo, ngano imo, na soja imo kwa wingi.

Watu wanaogopa, na wana haki ya kuuliza. Mbegu iliyopigwa na mionzi ya gama haibaki na mionzi ndani yake, kama vile mgonjwa aliyepigwa radio ya kifua harudi nyumbani akiwaka. Tena aina hizi si OGM: hakuna jeni ya bakteria wala ya mnyama iliyoingizwa. Ni soja ile ile, maandishi yake mwenyewe yamevurugwa kidogo.

Neno kuvurugwa linafaa kubaki hapo, kwa sababu baadhi ya wanaotetea njia hii hulificha. Mionzi haina macho. Inapiga popote. Katika mbegu elfu zilizopigwa, nyingi huharibika, nyingine hazioti kabisa, nyingine hutoa mimea dhaifu au tasa. Mabadiliko yenye faida ni machache sana, na mara nyingi yamejificha, hayaonekani katika kizazi cha kwanza. Lazima mbegu za kizazi cha kwanza zipandwe tena, na katika kizazi cha pili mtu apite katikati ya mimea elfu kadhaa, mmoja mmoja, akitafuta ule uliowahi kukomaa, au ule uliobaki na majani ya kijani wakati wenzake wameshambuliwa. Akiupata, anaupanda peke yake katika mstari wake, msimu baada ya msimu, ili ahakikishe kwamba tabia ile inarithiwa na haikuwa bahati ya kipande cha udongo kilichopata samadi.

Kinshasa ilikwisha kupita hatua za kwanza za njia hiyo. Mwaka 2012 watafiti wa Kongo wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Laurentian cha Canada walichapisha, katika jarida la American Journal of Plant Sciences, matokeo ya majaribio yao juu ya soja. Mbegu zilipewa dozi mbili za mionzi ya gama, grei 200 na grei 400. Katika kizazi cha kwanza mimea ilirudi nyuma karibu katika kila kipimo, na mavuno yakashuka. Katika kizazi cha pili, ile iliyotoka kwenye dozi ndogo ilipanda: sehemu za mmea zinazojenga mavuno ziliongezeka kuliko za mbegu ambazo hazikupigwa. Mtu aliyesimama kwenye kizazi cha kwanza angetupa kila kitu na kwenda nyumbani.

Huu ni uchunguzi wa Wakongo, kwa soja inayolimwa Kongo. Ungepaswa kujulikana na kila agronomu wa nchi hii. Lakini kizazi cha pili ni mwanzo tu wa kazi, na makala ya jarida haipandwi shambani.

Historia inaeleza kwa nini mazungumzo hurudi daima kwenye mashine. Mwaka 1959, wakati nchi ilikuwa bado chini ya Wabelgiji, rekta ya kwanza ya nyuklia ya bara zima la Afrika iliwashwa Kinshasa, kwenye kilima cha Chuo Kikuu cha Lovanium. Ya pili, yenye nguvu zaidi, ilifuata mwaka 1972, na imezimwa tangu 2004. Kwa wengi, kuzimwa kwa rekta maana yake ni kufa kwa sayansi yote ya atomiki. Kwa upande wa mbegu, hilo si kweli. Mbegu hazihitaji rekta. Zinahitaji chanzo cha mionzi ya gama, kwa kawaida kobalti-60 iliyofungwa ndani ya sanduku zito la risasi. Tatizo la kobalti ni jingine: nguvu yake inapungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na miezi michache. Baada ya miaka kumi na nusu hivi imebaki robo. Anayenunua chanzo cha kobalti leo ajue amenunua kitu kinachozeeka, hata kama hakitumiwi.

Hata hilo lina jibu lisilo ghali. Kongo ni mwanachama wa Shirika la Nishati ya Atomiki tangu 1961, na maabara ya shirika hilo huko Seibersdorf, Austria, huwapigia mionzi mbegu nchi wanachama bila malipo. Mfuko mdogo unakwenda kwa ndege na kurudi. Kama shida ya Kivu ingekuwa mionzi, ingekuwa imekwisha kutatuliwa kwa bei ya kutuma kifurushi.

Nchi zilizofaulu zilifaulu kwa sababu ya kilichofuata. Vietnam, iliyotoka vitani ikiwa maskini, ilikaa na soja yake miaka mingi katika Taasisi ya Jenetiki ya Kilimo ya Hanoi, na kutoka huko zikaja aina kama DT84, kisha DT2008 inayovumilia ukame. Indonesia, ambako watu hula soja kila siku katika chakula kiitwacho tempe, ilipata kwa mionzi aina iitwayo Mutiara 1, yenye punje kubwa wanazozipenda watengenezaji wa tempe. Katika mfano huo wa mwisho, watafiti walijua nani atakula na anataka nini. Punje kubwa haina maana yoyote kwa mtu wa kutengeneza mafuta. Kwa mtu wa tempe ina maana kubwa.

Je, mama wa masoso anataka nini? Wanaouliza swali hilo ni wachache, na hapo ndipo kosa kubwa linapoweza kufanyika. Mtafiti akiachwa peke yake, atachagua mavuno, kwa sababu mavuno ni rahisi kupima na yanapendeza katika ripoti. Lakini anayetengeneza maziwa ya soja ana shida nyingine. Soja mbichi ikisagwa hutoa ile harufu ya maharagi mabichi ambayo watoto huikataa. Inatokana na vimeng'enya viitwavyo lipoksijenasi, vinavyoshambulia mafuta ya soja mara tu punje inapovunjika ndani ya maji. Ndiyo sababu akina mama hutumbukiza soja katika maji yanayochemka kwanza. Tena soja isiyoiva vizuri ina kitu kinachozuia tumbo lisimeng'enye protini, kwa hiyo lazima ikae motoni kwa muda. Yote hayo ni makala, na gunia la makala mjini Bukavu si mzaha.

Japani ilikabili sehemu ya shida hiyo kwa mionzi ya gama: watafiti wake walipata aina iitwayo Ichihime, isiyo na lipoksijenasi yoyote kati ya zile tatu. Haina maana kwamba Ichihime ingestawi Walungu, iliko baridi ya mlima na udongo wa asidi. Inaonyesha tu kwamba kasoro hiyo inaweza kuondolewa, mtu akiitafuta. Hakuna anayeitafuta kama hajawahi kukaa jikoni na wale wanaouza masoso.

Kuna wanaosema Kongo ingeacha mionzi na kutumia njia ya kawaida ya kuchanganya mbegu za baba na mama wawili tofauti. Wana hoja nzuri. Chuo Kikuu cha Makerere, chini ya profesa Phinehas Tukamuhabwa, kilipambana na kutu bila mionzi na mwaka 2004 kikatoa aina ya Maksoy 1N iliyoweza kuistahimili. Kwa ugonjwa huo, jeni za kujikinga zinajulikana, zipo katika hifadhi za mbegu, na kuzihamisha kwa kuchanganya ni njia fupi zaidi kuliko kusubiri mionzi isiyo na macho igonge mahali panapofaa. Anayeahidi kwamba gama itamaliza kutu ya soja huko Kivu anauza ndoto.

Mionzi ina nafasi yake pale ambapo mkulima ana aina anayoipenda, yenye kasoro moja. Ukichanganya aina hiyo na nyingine, unapata nusu ya kila kitu cha ile nyingine, pamoja na vile usivyovitaka, na utatumia miaka kuviondoa. Mionzi inaweza kugusa kasoro moja na kuacha mengi ya mengine jinsi yalivyo. Aina inayochelewa ikapungukiwa siku kumi. Aina inayopasua maganda ikayafunga. Hizo ni kazi ndogo, na zinaweza kutosha kuokoa mavuno ya msimu.

Kazi hiyo haiwezi kufanyika Kinshasa. Soja inahesabu urefu wa siku na joto la mahali, na mmea uliochaguliwa kwenye joto la Kinshasa, mita mia chache tu juu ya bahari, unaweza kuwa kitu kingine kabisa ukifika Kabare, mita zaidi ya 1,500. Uchaguzi lazima ufanyike mlimani. Hapo Kivu ina mali ambayo wengi wanaikosa: misimu miwili ya kupanda, A kuanzia Septemba na B kuanzia Februari. Vizazi viwili kwa mwaka. Aliye na msimu mmoja anahitaji karibu mara mbili ya muda huo kufikia kizazi cha sita, kile ambacho mistari imetulia na inaweza kulinganishwa.

Vituo pia vipo. INERA ina Mulungu, na IITA ina Kalambo, vyote pande za Kavumu, katika wilaya ya Kabare. Mulungu imefanya kazi ndefu juu ya maharagi ya kupanda juu ya miti, na wakulima wengi wa mlima wanakula matunda yake bila kujua jina la kituo. Watu wenye jicho la kuchagua wako huko. Kinachokosekana ni uhakika kwamba mshahara na petroli vitafika msimu wa tatu, wa nne, wa tano, wakati bado hakuna cha kuonyesha kwenye kamera. Viongozi wa Afrika waliahidi Maputo mwaka 2003 kuweka asilimia 10 ya bajeti katika kilimo. Kinshasa imekaa mbali na kiwango hicho miaka yote, na kazi ya mbegu ndiyo inayokatwa kwanza kwa sababu haipigi kelele.

Kutegemea wafadhili nako kumeonyesha sura yake. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipofunga mfuko wa USAID, hata maabara ya soja ya Chuo Kikuu cha Illinois, iliyokuwa ikisaidia majaribio ya aina za soja katika nchi nyingi za Afrika, iliambiwa isimamishe kazi. Majaribio ya mbegu hayajui kusubiri bajeti ya Washington.

Na kuna vita. Februari 2025 waasi wa AFC/M23 waliingia Kavumu, kisha Bukavu. Benki zikafunga milango. Kituo cha mbegu kinaweza kuharibiwa bila risasi hata moja: inatosha mtu wa kumwagilia asifike kwa wiki tatu, au mfuko wa mbegu za kizazi cha tatu uchukuliwe na mwenye njaa akauchemsha. Hakuna wa kumlaumu huyo.

Hata mbegu ikifaulu kutoka kituoni, njia ya kwenda kwa mkulima ni ndefu kuliko inavyofikiriwa. Hekta moja inataka kilo 50 hadi 60 za mbegu. Ikitoa tani moja, mavuno yote yanatosha kupanda hekta chini ya 20. Ili aina mpya ifike katika vijiji vya Walungu, Kabare na Kalehe, lazima izidishwe msimu baada ya msimu na watu waliofundishwa, chini ya macho ya SENASEM, idara ya serikali inayothibitisha mbegu. Ambako idara hiyo haifiki, sokoni kunauzwa soja ya kula ikiitwa mbegu, inapimwa kwa gigozi kama unga, na mkulima anajua ukweli siku ya kumi, anapoona nusu ya shamba haijaota.

Wanaozidisha mbegu hizo wangefaa kuwa wale wale wanaozilima. Katika milima hiyo wengi wao ni wanawake, na vyama vyao vya soja vilikwisha kuwepo kabla ya mradi wowote wa nyuklia. Waitwe wakati wa kizazi cha tatu au cha nne, mistari ikiwa bado mingi, wapite kati yake na kuikataa mibaya kwa sababu zao wenyewe: huu unachelewa, huu maganda yako chini mno mgongo unauma kuvuna, huu ukichemshwa unanuka. Aina ikikwisha kuandikishwa, kuwaita kwa picha na bendera ni kuchelewa.

Jambo moja linaweza kufanyika hata vita ikiendelea, na halihitaji kobalti wala rekta. Kila mstari wa soja unaochaguliwa mlimani uwe na nakala yake mahali pengine, mfuko mmoja INERA ya Gandajika, mwingine katika hifadhi ya IITA huko Ibadan. Soja ni mbegu dhaifu. Ikiwekwa katika chumba chenye joto na unyevu, baada ya mwaka mmoja hivi nyingi hazioti tena. Misimu miwili ikipita bila kupandwa na bila kuwekwa kwenye baridi, mstari wa miaka sita umepotea, na hakuna mashine ya Vienna wala ya Kinshasa inayoweza kuurudisha, kwa sababu mionzi haigongi mahali pamoja mara mbili kwa kuagizwa.